Neno la Mfalme: "Forest" Kabla Halijawa Msitu

Kusini-magharibi mwa Uingereza, huko Devon, kuna eneo ambalo ramani zinaliita Forest of Dartmoor. Anayekwenda huko akitegemea kivuli atakipata kwa taabu. Ni nyanda za juu zilizo wazi: nyasi, kinamasi cha matope meusi, mawe makubwa yaliyopandana vileleni, kondoo, farasi wadogo wanaojilisha wenyewe, na upepo. Ndani ya uwanda huo kuna kijisitu cha mialoni mifupi iliyojipinda, imeota katikati ya mawe na kuvaa kuvumwani hadi kwenye matawi. Jina lake ni Wistman's Wood. Angalia hapo vizuri: penye miti ndipo panapoitwa wood, na uwanda usio na miti ndio unaoitwa forest.

Dartmoor haiko peke yake. Forest of Bowland, kule Lancashire, sehemu yake kubwa ni vilima vitupu. Uskoti kuna maeneo mapana yanayoitwa deer forests, na mengi hayana hata mti wa kuegemea. Mtu anaweza kudhani miti ilikuwepo, ikakatwa, jina likabaki. Kwa Dartmoor haiwezekani, maana miti yake mingi ilifyekwa zama za kale kabisa, zaidi ya miaka elfu mbili kabla neno forest halijaingia katika Kiingereza. Hakuna aliyekosea jina. Waliopaita forest walijua wanachokisema.

Mimi ni mfasiri, na sehemu nzuri ya riziki yangu inatokana na makaratasi ya misitu: ripoti za miradi, miongozo ya kamati za vijiji, siku hizi na mikataba ya kaboni. Forest naandika msitu, forest reserve naandika hifadhi ya msitu, mteja anaridhika na hundi inaingia. Kamusi zote ziko upande wangu. Lakini nikisoma historia ya hilo neno, naona kwamba kwa karibu miaka elfu moja lilikuwa na maana ambayo Kiswahili tunayo, tena tunaitumia kila siku, ila tumeibandika kwenye kitu kingine. Nitaifikia. Kwanza twende nyuma kidogo.

Kilatini cha Warumi kilikuwa na neno lake la msitu: silva. Ndilo lililozaa jina la Sylvester, na lile jimbo la Marekani la Pennsylvania, yaani misitu ya akina Penn. Forest halikuwepo. Linaanza kuonekana katika hati za wafalme wa Wafranki, karne ya 7, kwa umbo la forestis au foresta, na tangu mwanzo linaandamana na mfalme. Amri maarufu ya zama za Charlemagne kuhusu mashamba ya mfalme, ya karibu mwaka 800, inaagiza kwamba silvae na forestes zetu zilindwe vyema. Mwandishi wa amri hiyo hakuwa na sababu ya kutaja kitu kimoja mara mbili. Silvae ni misitu, miti. Forestes ni jambo jingine: maeneo ambayo mfalme ameyatenga kwa ajili yake, kwa wanyama wake na samaki wake.

Wataalamu wengi wanalihusisha neno hilo na foris ya Kilatini, maana yake nje, nje ya mlango. Wapo wanaolipeleka kwa forum kwa maana ya baraza la hukumu, kwamba forestis ni ardhi iliyotengwa kwa tamko la mahakama. Wapo pia wanaolitafutia mzizi katika lugha za Kijerumani, kwenye jina la mti wa jamii ya misonobari. Mimi nakaa na kundi la nje, kwa sababu ndugu zake wapo na wanafanana naye sura. Foreign, kitu cha kigeni, kimetoka kwenye foris hiyohiyo. Forfeit, kunyang'anywa haki kwa kosa, ni foris pamoja na kutenda, yaani kutenda nje ya mpaka. Mwitaliano mpaka leo akimwona mgeni mjini anamwita forestiero, na mgeni huyo huenda hajawahi kuingia msituni maishani mwake.

Nje ya nini, basi? Wengine wanasema nje ya uzio, nje ya eneo la makazi. Tafsiri inayoingia akilini zaidi, ukisoma namna neno lilivyotumika, ni nje ya matumizi ya watu wote. Nje ya sheria ya kawaida.

Waingereza wa kale, kabla ya Wanormani kuvuka bahari mwaka 1066, hawakuwa na upungufu wa maneno ya miti. Walikuwa na wudu, ambalo leo ni wood. Walikuwa na weald, na mpaka sasa eneo la Kent na Sussex linaitwa the Weald. Walikuwa na holt, hyrst, graf na sceaga, kila moja kwa aina yake ya kijisitu, na majina ya vijiji vyao yamejaa maneno hayo hadi leo. Kwa hiyo forest halikuja kujaza pengo la msamiati. Lilikuja na mtawala, kama maneno mengi ya utawala yalivyokuja na watawala huku kwetu, na lilikuja kwa sababu kulikuwa na jambo jipya la kulipa jina.

Jambo jipya lilikuwa hili. William Mshindi, kiongozi wa Wanormani hao, alipenda kuwinda kupita kiasi. Karibu mwaka 1079 alitenga eneo kubwa kusini mwa nchi, likaitwa Nova Foresta, New Forest, na kitabu cha sensa ya ardhi cha mwaka 1086 kina sehemu yake maalumu. Kutenga maana yake si kupanda. Baadhi ya eneo hilo lilikuwa na miti, kubwa lilikuwa uwanda wa vichaka vifupi na udongo duni, na humo mlikuwa na watu na vijiji. Kilichobadilika siku ile ni sheria tu. William alipofariki mwaka 1087, mtawa mmoja aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mwaka kwa Kiingereza cha kale alimtungia mistari isiyo ya kumsifu. Anasema mfalme aliweka hifadhi kubwa ya kulungu, akaweka na sheria kwamba atakayemuua kulungu dume au jike apofushwe. Na kwamba aliwapenda kulungu dume kana kwamba yeye ndiye baba yao. Mtawa huyo hakutumia neno la kigeni. Aliandika deorfrith, amani ya wanyama, hifadhi ya wanyama. Mwenyeji alilielewa jambo na kulipa jina sahihi kwa lugha yake. Jina la mkubwa ndilo lililodumu.

(Nikisema kulungu hapa namaanisha wale wa Ulaya, wenye pembe za matawi wanazoziangusha kila mwaka. Kulungu wetu ni mnyama mwingine, lakini wafasiri wa vitabu vya watoto walishamaliza ubishi huo zamani.)

Sheria ya forest ilikuwa na vitu viwili vya kulinda. Ilivitaja kwa Kifaransa cha Wanormani: venison, yaani wanyama wa mfalme, na vert, yaani kijani wanachokula na kujifichia. Miti ilihesabika, ndiyo, ila kama chakula na pazia la mnyama. Ukikata mti hata katika ardhi yako mwenyewe, kama ardhi hiyo imo ndani ya mpaka wa forest, umekosa. Ukifungua shamba jipya, umekosa. Ukijenga uzio mrefu kiasi kwamba kulungu na mtoto wake hawawezi kuuruka, umekosa pia, hata kama nyuma ya uzio huo kuna shayiri inayosubiri kuvunwa. Mkulima wa Rufiji au wa Bunda anayekesha kibandani akifukuza tembo kwa debe angeielewa hali hiyo bila mkalimani. Yeye walau siku hizi anaweza kudai kile serikali inachokiita kifuta jasho, kiwe kinatosha au hakitoshi.

Forest haikuwa na ukuta. Eneo lililozungushiwa uzio wa kuzuia kulungu lilikuwa na jina lake, park, na hilo nalo lilikuwa neno la uwindaji kabla ya kuwa bustani za mijini na maegesho ya magari. Mpaka wa forest ulikuwa wa maneno: watu walioapishwa walitembea kuuzunguka wakitaja kijito fulani, mwaloni fulani, kivuko fulani, na karani anaandika. Ndani ya mstari huo wanyama ni wa mfalme.

Mbwa nao walikuwa na sheria yao. Mbwa mkubwa anayeishi ndani ya forest anaweza kumkimbiza kulungu, hivyo ilitakiwa akatwe kucha tatu za mguu wa mbele. Maelezo ya namna ya kufanya yameandikwa na wanasheria wa baadaye kwa utulivu wa kutisha: mguu unawekwa juu ya kipande cha gogo, patasi yenye upana wa inchi mbili inawekwa juu ya kucha, kisha pigo moja la nyundo. Mbwa mdogo aliachwa. Pale Lyndhurst, katikati ya New Forest, katika ukumbi wa mahakama ya forest, kumetundikwa kikuku kikubwa cha chuma, kile cha kuwekea mguu unapopanda farasi. Wenyeji wanasimulia kwamba kilikuwa kipimo: mbwa anayepita katikati yake anakwenda nyumbani na kucha zake zote. Wanakiita kikuku cha Rufus, kwa jina la William Rufus, mwana wa Mshindi, aliyeuawa kwa mshale ndani ya New Forest hiyohiyo tarehe 2 Agosti 1100. Chuma chenyewe ni cha karne nyingi baada yake, lakini jaribu kuwaambia wenyeji.

Kifo hicho cha Rufus kilishangiliwa na wengi kimoyomoyo. Kaka yake Richard naye alifia humohumo kabla yake. Watu waliopokonywa haki zao hawakuhitaji mhubiri wa kuwaeleza maana ya hayo.

Aliyeeleza jambo lenyewe waziwazi kuliko wote alikuwa mtu wa serikali, Richard FitzNigel, mweka hazina wa Mfalme Henry II. Katika miaka ya 1170 aliandika mwongozo wa kazi za Hazina kwa mtindo wa mwanafunzi kuuliza na mwalimu kujibu. Mwanafunzi anapouliza forest ni nini, mwalimu anamjibu kwamba ni makao salama ya wanyama pori. Kisha anatoa asili ya neno: eti foresta ni feresta, e imegeuzwa o, yaani kituo cha ferae, wanyama wakali. Asili hiyo si ya kweli, ni ya kubuni mezani, lakini naipenda kwa kinachofichuka ndani yake. Msomi mkubwa wa karne ya 12, anayejua kazi yake, anaombwa maana ya forest na miti haimjii kabisa kichwani. Anawaza wanyama na mfalme. Zaidi ya hapo anakiri kwamba sheria ya forest haitokani na sheria ya kawaida ya nchi bali na utashi wa mfalme, kiasi kwamba linalofanyika kwa mujibu wake halisemwi kuwa ni haki moja kwa moja, linasemwa kuwa ni haki kwa sheria ya forest. Mtumishi wa serikali akiandika hivyo kuhusu mwajiri wake, ujue hali halisi ilikuwa mbaya zaidi.

Wakati huo wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya robo na theluthi ya nchi ilikuwa chini ya sheria hiyo. Essex ilikuwa forest karibu yote, pamoja na mashamba, vijiji na makanisa yake. Na hapa ndipo kitenzi chake kinapochekesha. Leo to afforest ni kupanda miti. Kila mradi wa tabianchi unalitumia neno hilo. Zamani lilikuwa na maana ya kutangaza tu. Mfalme anaamka asubuhi, ana-afforest wilaya, na hakuna mche hata mmoja uliochimbiwa shimo. Kinyume chake, disafforest, kilikuwa kuiachia ardhi irudi kwenye sheria ya kawaida, na miti yote inabaki imesimama palepale. Mwaka 1204 watu wa Devon walimlipa Mfalme John marki 5,000 ili aiondoe Devon yote katika forest, isipokuwa Dartmoor na Exmoor. Fedha ile ilikuwa nyingi sana kwa wakati huo, na hawakununua hata gogo. Walinunua kutokuwa ndani ya neno.

Mambo yalilegea kwa hati iliyotolewa tarehe 6 Novemba 1217, Hati ya Forest. Mfalme Henry III alikuwa mtoto wa miaka 10, hana hata mhuri wake, kwa hiyo ikapigwa mihuri ya mlezi wake William Marshal na ya mjumbe wa Papa. Kila mtu amesikia kuhusu Magna Carta, yaani Hati Kubwa. Wachache wanajua kwamba ile iliitwa kubwa ili kuitofautisha na hii ndogo. Mimi nikiambiwa nichague ya kusoma, nachagua ndogo. Kubwa inazungumza zaidi na mabwana. Ndogo inaingia kwenye nguruwe, asali na kuni.

Inasema hakuna mtu tena atakayepoteza uhai au kiungo kwa sababu ya mnyama wa mfalme. Atatozwa faini, asipoweza atafungwa mwaka mmoja na siku moja. Inasema mtu huru anaweza kuchimba bwawa, kujenga kinu, kulima ardhi yake ndani ya forest bila kosa, mradi asimdhuru jirani. Inasema asali itakayopatikana katika msitu wake ni yake. Wenzetu wa Tabora na Katavi wanaotundika mizinga watanielewa kwa nini kipengele hicho kilinisimamisha: asali ni kitu ambacho mtu anakipata porini bila kukata chochote, na bado palihitajika hati ya kifalme kusema ni yako. Kucha za mbwa ziliendelea kukatwa, ila kwa utaratibu, na ambaye mbwa wake hakukatwa atalipa shilingi tatu.

Kipengele ninachokipenda kuliko vyote kinahusu wakubwa. Askofu au bwana mkubwa anayepita katika forest akiitwa na mfalme ana ruhusa ya kuchukua mnyama mmoja au wawili njiani, mbele ya macho ya mlinzi. Mlinzi asipokuwepo, apulize pembe, asije akaonekana anachukua kwa kificho. Mvulana wa kijiji akikutwa na paja la kulungu ni mwizi. Askofu anapiga pembe.

Tuwe wakweli pia: hati inasema mtu huru, na wengi wa wakulima wa wakati ule hawakuwa watu huru kisheria. Lakini ilikaa kwenye vitabu vya sheria miaka 754. Ilifutwa rasmi na bunge mwaka 1971, Mwalimu Nyerere akiwa Ikulu ya Magogoni. Nakala mbili za mwaka ule wa 1217 bado zipo, moja ni mali ya kanisa kuu la Lincoln na nyingine iko Durham. Na pale Lyndhurst mahakama ya verderers, jina linalotokana na ile vert, inakaa hadi leo kusikiliza habari za farasi na malisho. Kila majira ya kupukutika majani, wenyeji wenye haki wanaachia nguruwe wao wale matunda ya mialoni yaliyodondoka, ambayo farasi na ng'ombe wakiyala kwa wingi yanawadhuru.

Miti ililiteka neno polepole. Watu wa kawaida walikuwa wameshaanza kuliita forest eneo lolote kubwa la miti tangu karne ya 13 na 14, maana forest nyingi kweli zilikuwa na miti. Kisha thamani ikahama. Wafalme walipungukiwa na hamu ya kulungu, jeshi la majini likahitaji mialoni ya kujengea meli, na mnyama akageuka kutoka sababu ya forest kuwa kero yake. Mwaka 1851 bunge lilipitisha sheria ya kuwaondoa kulungu kutoka New Forest, mahali palipotengwa kwa ajili yao. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia kuikausha nchi mbao, mwaka 1919 ikaundwa tume ya serikali ya kupanda miti. Kufikia hapo, ukisema forest, kila mtu anaona magogo. Huyo forester aliyekuwa mlinzi mwenye pembe na mbwa naye akawa mtaalamu wa miche. Jina lake limebaki kwa akina Forster na baadhi ya akina Foster.

Neno lilipofika Afrika Mashariki lilikuwa na nguo zote mbili, ya miti juu na ya mfalme ndani. Wajerumani walitangulia. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa kanuni za uwindaji zilizotenga maeneo ya kwanza ya wanyama, mojawapo pembezoni mwa Rufiji, na kuwinda kukawa kwa kibali. Mwaka 1904 ikafuata sheria yao ya kuhifadhi misitu. Waingereza waliposhika Tanganyika wakaja na sheria ya misitu ya mwaka 1921, wakazichukua hifadhi za Wajerumani na kuongeza zao. Mtindo wa kuigawa misitu kwa madaraja ya kisheria walikuwa wameshaujaribu India, ambako mkuu wao wa kwanza wa idara ya misitu alikuwa Mjerumani, Dietrich Brandis. Kilichofanyika Uluguru au Usambara ndicho kilichofanyika Hampshire, kwenye New Forest, karibu mwaka 1079: mstari ulipita, na mtu aliyelala akiwa na pori la kukata kuni na kutega digidigi akaamka ni mhalifu.

Sasa nifike nilipoahidi. Lile jambo la William, ardhi isiyo na uzio, iliyotengwa na dola kwa ajili ya wanyama, yenye sheria yake na walinzi wake, iwe na miti au iwe mbuga tupu, Kiswahili hakiliiti msitu. Tunaliita pori la akiba. Ndogo yake, ile ambayo kabla ya sheria ya mwaka 2009 watu na mifugo waliweza kuwepo lakini uwindaji ukidhibitiwa, ni pori tengefu. Kama FitzNigel angefufuka akashushwa Tabora na kuelezwa kwa Kiswahili pori la akiba ni nini, angetikisa kichwa kwamba ndiyo, hiyo ndiyo foresta. Ukimpeleka kwenye mistari ya misonobari ya Sao Hill kule Mufindi, akaambiwa hii nayo ni forest, angeuliza wanyama wako wapi.

Ndiyo maana najiwekea kanuni yangu mwenyewe nikifasiri mambo ya zama zile. Royal forest siandiki msitu wa kifalme, kwa sababu msomaji ataona miti na hatajua kwa nini watu wa Devon walilipa. Naandika pori la akiba la mfalme. Mhariri mmoja aliniambia lina harufu ya Selous. Nikamwambia harufu hiyohiyo ndiyo ninayoitaka.

Msitu wenyewe, kwa Kiswahili, haujawahi kuwa na haja ya mfalme. Ni miti iliyoshonana, basi. Pakipungua kunakuwa pori, pakikauka zaidi ni nyika, na mwitu limebaki zaidi kwenye wanyama na mimea isiyofugwa. Tena Mijikenda wa pwani ya Kenya wana jambo linalogeuza ile foris juu chini. Misitu yao mitakatifu, iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, inaitwa kaya. Kaya ni makazi, nyumbani. Mababu waliishi humo ndani, msitu ukiwa umewazunguka, na baada ya kuhama wazee wakaendelea kuulinda: usikate, usichote, usiingie ovyo. Makatazo ni makali kama ya Mnormani yeyote, lakini yametoka ndani ya mlango.

Katikati ya miaka ya 1990, Duru-Haitemba, Babati, serikali ilipotaka kuutangaza msitu wa miombo kuwa hifadhi yake, wanavijiji walikataa na mwisho wakakabidhiwa wao wenyewe kuusimamia, kila kijiji na kipande chake na sheria ndogo zake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikayapa mambo hayo nafasi rasmi: msitu wa hifadhi wa kijiji. Sijui nchi nyingi ambako hati ya 1217 ingepata ndugu wa karibu hivyo.

Lakini sheria hiyohiyo ya 2002, ukifungua ukurasa wa tafsiri za maneno, ina kitu cha zamani sana. Inasema forest ni ardhi yenye angalau asilimia 10 ya kivuli cha miti, inaongeza vichaka vinavyochipua, halafu inamalizia kwa kusema neno hilo linajumuisha hifadhi zote za misitu, za aina yoyote, zilizotangazwa. Yaani paliposhatangazwa ni forest, uwe umeona mti au hujauona. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa nalo, kwenye vipimo vyake vya nusu hekta, miti ya zaidi ya mita 5 na kivuli cha zaidi ya asilimia 10, linahesabu kuwa forest hata eneo lililokatwa likabaki jeupe, mradi linatarajiwa kurudi. Kwa hesabu za namna hii, tathmini ya kitaifa ilipata Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya nchi. Sehemu kubwa ya hizo ni miombo, ambayo wenyeji wake wengi ukiwauliza watakuambia ni pori.

Niliwahi kukaa na kamati ya maliasili ya kijiji kimoja kuhakiki tafsiri ya mwongozo wao. Tulikwenda vizuri mpaka kwenye sentensi ya msitu ambao kwa muda hauna miti. Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwanangu, hapa umeandika nini? Hauna miti, halafu ni msitu?"

Kabla sijajibu, mama aliyekaa nyuma yake, mweka hazina wa kamati, akamdakia: "Sasa mzee, kibao si kipo?"